Yai Viza

Asubuhi ya Coyhaique ina moshi wa kuni
na barafu ndooni, naipasua kwa kisigino.
Kazi yangu ni jiko la chekechea:
kulilisha magogo, kufuta masizi, kunyamaza.
Kunyamaza ni kwangu peke yangu.
Saa nne kamili mlango unatapika makoti ishirini na moja,
kofia za sufu, makamasi,
viatu vya mpira, cha kushoto kimevaliwa kulia,
na Mwalimu Griselda nyuma yao akipiga makofi:
"Duara! Nimesema duara, sio kiazi!"

Duara linakuwa kiazi.
Linavimba upande wa Baltasar na viwiko vyake,
linabonyea pale Rayén alipomwona mdudu.
Mwishowe wanachuchumaa,
macho mbele, mikono magotini,
na mmoja anabaki nje na leso nyekundu.

Mkimbiaji hukimbia. Aliyechuchumaa hageuki.
Basi, hizo ndizo sheria.
Ukigeuka, leso inakuchapa kisogoni,
chwap, laini kama ulimi wa ndama.
Usipogeuka, huenda imekwisha kulala nyuma yako
nawe unaimba tu, hujui hili wala lile,
hadi mwenzio amalize mzunguko akushike bega:
Yai viza! Yai viza!
Nenda katikati ukanuke.

Miaka kumi na minane nauona mchezo huu
kupitia mvuke wa pumzi yangu.
Nahuel ana mbio za sungura lakini uso wake hauna siri,
akiangusha leso anatabasamu kabla haijafika chini.
Wale wazito ndio wa kuogopwa.
Wanapita polepole, wanahesabu mawingu,
na leso imekwisha kuwatoka mkononi tangu jana.

Wislène aliletwa mwezi Juni, theluji ikiwa magotini,
baba yake kapata kazi kiwanda cha mbao,
koti lake lilikuwa la mtu mwingine.
Kihispania chake kilikuwa maneno matatu: maji, hapana, mimi.
Na kila mkimbiaji alipopita, aligeuka.
Chwap. Anageuka. Chwap. Anageuka tena.
Nikasema moyoni, nikiegemea shoka langu,
maskini, safari imemfunza kutazama nyuma,
nchi ngapi zimempita mgongoni mtoto huyu!
Mimi na falsafa zangu za jikoni.
Kumbe alikuwa anapenda kuchapwa.
Alikuwa anacheka ndani ya skafu, mabega yakimtetemeka,
anasubiri chwap yake kama wengine wasubirivyo peremende.

Alhamisi moja wakampa leso.
Alizunguka mara moja. Alizunguka mara mbili.
Mimi nimeinama kwenye lundo la kuni,
nachagua gogo kavu,
nikasikia nyayo zinatoka njia yake,
zinakuja, zinapungua, zinapotea.
Kisha kimya.
Kimya cha watoto ishirini si kitu cha kuchezea.
Hata mbwa wa jirani alikaa chini.

Sikugeuka. Sheria naijua.
Nilichungulia chini ya kwapa langu mwenyewe
(hilo halijakatazwa popote)
na pale, juu ya vumbi la mbao: nyekundu.

Nikakimbia.
Nilikimbia na goti langu bovu na aproni yangu ya ngozi,
nilikimbia kama kabati linaloporomoka ngazi,
yeye mbele yangu, koti la mtu likipepea,
akipiga kelele kwa lugha ya kwao
maneno ambayo kila mtu pale uani aliyaelewa.
Nilimkosa kwa nusu mkono.
Alikwisha kurukia kigogo changu cha kupasulia kuni,
akakunja mikono, akaning'iniza miguu,
akakohoa, kikohozi changu hasa, cha asubuhi,
kwa sauti yangu.

"Yai viza!" wakapaaza.
"Yai viza, Babu Evaristo!"
Nikaenda katikati, nikachuchumaa, nikanuka.

Jiko lilizimika siku hiyo.
Griselda alifundisha rangi amevaa glavu hadi saa sita,
na hakuniuliza chochote.